Unga wa Njano

Neno "unga" ndilo lililowapotezea siku ya kwanza yote. Jirani aliyepiga simu alisema kuna mtu amekufa kwenye karakana ya kutengeneza unga, na kituoni kila aliyesikia akaelewa vile askari anavyoelewa. Wakaja na mbwa wa kunusa, wakaja na bunduki, wakafunga barabara pande zote mbili. Mbwa akanusa, akapiga chafya, akaenda kujilaza kivulini. Jua lilipokuwa linazama ndipo msaidizi wa marehemu, msichana mkemia aliyekuwa amevimba macho kwa kulia, alipowaeleza kwamba unga ule hauvutwi wala haupikwi. Ni unga wa zinki, unatiwa kwenye dawa ya kupaka watoto wachanga wanaobabuka mapajani, na hapo hausagwi kwa jiwe bali kwa umeme.

Kesho yake wakapotezwa na neno jingine, na hili lilikuwa baya zaidi kwa sababu liliweka mtu ndani. Mlinzi wa geti alisema kwamba jioni ya msiba alimsikia fundi wa kuchomelea vyuma akimfokea marehemu: "Nitakuchoma leo! Nakwambia nitakuchoma!" Fundi huyo alikuwa shemeji wa marehemu, amemuoa dada yake. Marehemu mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha kemia miaka mingi kabla ya kufungua karakana, alikutwa asubuhi sakafuni, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa meza ya chuma, kiganja cha kulia kimeungua na ngozi imechubuka yote. Aliyetishia kuchoma ana kazi ya kuchoma, na aliyekufa ameungua. Mkuu wa kituo alipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kula.

Jalada likaangukia mezani kwa inspekta ambaye wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alipewa jina hilo kwa namna yake ya kuuliza maswali: angekuuliza umekula nini, shati hilo nani kakununulia, mbona umekonda, na kabla hujajua umefikaje hapo ungekuwa umeshakiri. Hakulipenda jina, wala hakulikataa.

"Jioni hii namtuma fundi kwa mwendesha mashtaka," mkuu wa kituo alimwambia. "Weka saini tu hapo chini."

"Nimsikilize kwanza."

"Wamemsikiliza watu watatu. Amekuwa bubu."

"Basi nikamsikilize bubu," alisema Shangazi, akachukua kofia yake.

Kwenye benchi la korido alikaa mke wa fundi, dada wa marehemu. Alikuwa na kanga ya kulilia na mfuko wenye shati safi la mumewe, na hakujua kipi akishike kwa nguvu zaidi. Kaka alikuwa amemzika jana. Mume anaambiwa ndiye aliyeua. Ndugu wa upande mmoja walikuwa hawamsalimii kwa sababu ameolewa na muuaji, na wa upande wa pili walikuwa hawamsalimii kwa sababu kaka yake amewaletea balaa. Shangazi alisimama mbele yake, akakosa la kumwambia, akamgusa bega na kupita. Jambo hilo lilimuuma, maana alizoea kuwa na la kusema.

Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye mikono iliyojaa alama ndogo ndogo za cheche. Aliketi ameegemea ukuta wa mahabusu, macho juu.

"Umekula?" aliuliza Shangazi.

"Sina njaa, afande."

"Mkeo kakuletea shati. Anakaa pale nje tangu asubuhi."

Fundi akafumba macho.

"Wewe si bubu," Shangazi akaendelea. "Bubu hafumbi macho akitajiwa mkewe. Ulisema utamchoma shemeji yako?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Fundi akageuza uso ukutani.

"Baba, jioni hii unapelekwa kwa mashtaka ya kuua. Huko hakuna wa kukuuliza mara ya pili."

"Nikisema, mke wangu atajua."

"Atajua nini?"

Fundi alitazama mlangoni kana kwamba mkewe ana masikio ya kupenya ukuta. Kisha akasema haraka haraka, kama mtu anayetoa mwiba. "Shemeji alikuwa anaumwa. Kila akiwasha ile mashine, usiku ule anashikwa na homa. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia, mdomoni anasikia ladha ya chuma, asubuhi anaamka mzima kama hakuna kitu. Nyumbani anasema malaria. Malaria gani ya siku moja? Sisi wachomeleaji tunaijua hiyo, ni homa ya moshi wa zinki. Wengine hunywa maziwa wakidhani yanasaidia. Nilimwambia avae barakoa, akaniahidi, havai. Jioni ile nikamkuta anajiandaa kuwasha tena, barakoa imetundikwa msumarini, mpya, na karatasi yake. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia leo nitakuchoma. Nitakuchoma kwa dada yako."

Pamoja na uzito wote wa mahali pale, Shangazi akaangua kicheko kifupi ambacho alikijutia hapo hapo. "Kumchoma! Kwamba utamsemea!"

"Kumsema mtu kwa dada yake mkubwa, afande, ni sawa na kumtia jela. Yule mwanamke angekwenda kumtoa mle ndani kwa sikio."

"Na hukumsemea."

"Alinishika mikono miwili akanibembeleza. Akaniambia shemeji, huu ni unga wa mwisho, wanunuzi wakiukubali nitaweka mitambo ya kunyonya moshi. Nikaapa sitasema." Alifuta uso kwa mkono. "Sasa mke wangu akijua kwamba nilijua anaumwa nikanyamaza, nyumba hiyo naingilia mlango gani?"

Kwa hiyo mtu mzima alikuwa tayari kushtakiwa kwa kuua ili asionekane mmbeya wala mnafiki. Shangazi alimwamini. Lakini mkuu wa kituo aliposimuliwa alitikisa kichwa. "Maneno ya mtuhumiwa hayo. Niletee kitu ninachoweza kukishika."

*

Mtu wa pili kuhojiwa alikuwa yule aliyempangishia Mwalimu jengo na kumtafutia wanunuzi. Mtaani aliitwa Tajiri. Duka lake la jumla la dawa lilipangwa maboksi hadi dari, na ofisi yake ya ndani ilikuwa na baridi ya mashine iliyomfanya konstebo apige chafya kabla hajakaa. Konstebo huyu alikuwa mrefu, mpole, na mwandishi wa maelezo mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kituoni.

"Pole na msiba," alisema Shangazi. "Mbona umekonda?"

"Nilale vipi, mama yangu? Nimepoteza rafiki."

"Karakanani uliingia lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita. Mimi si mtu wa moshi. Asubuhi ile nilifika mkiwa mmeshazungusha utepe wenu, nikaishia nje."

"Na kazi yake ilikuwa inakwendaje?"

Tajiri akapumua kwa huzuni ya mtu anayejua kupumua kwa huzuni. "Si vizuri kumsema marehemu. Ila mama yangu, alikuwa ananizungusha. Nimesimama mbele za watu wakubwa nikawaambia mtaletewa unga mweupe pe, laini hata kidoleni husikii, mnachanganya na mafuta mnampaka mtoto. Nimeweka jina langu. Halafu ule wa mwisho kabisa, ndio sampuli yenyewe ya kuwapelekea, unatoka wa njano! Njano! Nani atampaka mwanawe kitu kina rangi ya usaha?"

Kalamu ya konstebo ilisimama.

"Uliuona?" aliuliza Shangazi, akijitengeneza kitini.

Tajiri alisogeza kikombe chake upande wa pili wa meza. "Aliniambia kwenye simu. Jioni ile ile. Angalieni rekodi zenu, simu ipo."

Simu ilikuwepo kweli. Konstebo alikuwa ameshaithibitisha kwa kampuni ya simu. Waliaga kwa heshima zote. Walipofika kwenye gari, konstebo hakuwasha.

"Shangazi, ule unga niliutia kwenye mfuko kwa mkono wangu. Ni mweupe."

"Una uhakika?"

"Kama shati la maharusi."

Walitazamana. Unga wa njano umetengenezwa karakanani jioni, unga mweupe umetoka asubuhi. Ina maana katikati kuna mkono wa mtu. Kuna aliyeuondoa unga uliokuwepo na kuweka mwingine, na huyo ndiye aliyekuwa na Mwalimu alipokufa. Shangazi akamwambia konstebo aendeshe kwa kasi, na tangu dakika hiyo wakawa wamepotea njia mara ya tatu.

*

Waliipekua karakana kama watu wanaotafuta sindano. Walimimina mapipa ya takataka, wakakung'uta mifagio, wakapitisha tambara jeupe nyuma ya makabati na chini ya meza. Konstebo alipiga ukelele alipoona doa la njano kwenye kipande cha gunia, na Shangazi akaja mbio. Kumbe ilikuwa rangi ya mafuta, ile iliyotumika kuchora mistari ya hatari sakafuni kuizunguka mashine. Walitafuta mpaka mashati yakagandamana na migongo. Unga wa njano haukuwepo hata chembe.

Mkemia aliwakuta wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Alikuwa ameitwa aje atambue vitu, na alipoelezwa wanachotafuta uso wake ulibadilika.

"Wa njano? Hapa hakujawahi kutoka unga wa njano."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Nani amesema Mwalimu alitengeneza unga mchafu?" Sauti ilikuwa inapanda. "Yule mtu alikuwa akiona kivuli cha uchafu kwenye fimbo ya zinki anairudisha dukani. Kamzike halafu umtukane! Nani kasema?"

"Tulia, mwanangu. Ni swali tu."

"Sitatulia. Fimbo za mwisho zile zile zipo. Nipeni ruhusa niwashe, mtaona kinachotoka ni rangi gani."

Shangazi alifikiri. Kuwasha mashine kwenye chumba cha ushahidi si jambo ambalo mkuu wa kituo angelipenda, hivyo akaona ni vizuri asimuulize. Picha zilikuwa zimeshapigwa, vipimo vimeshachukuliwa. Alimtuma konstebo getini akae na mlinzi asiruhusu mtu, kisha akavaa barakoa aliyopewa. Ilikuwa ile mpya iliyokuwa msumarini. Mkemia alipoitoa kwenye karatasi yake aligeukia ukutani kidogo.

Mashine yenyewe haikuwa na fahari. Lilikuwa pipa la chuma nene lenye mfuniko wa skrubu na kidirisha cha kioo cheusi, na ndani yake fimbo mbili za zinki zilizoelekeana kama watu wawili wanaotaka kunong'onezana. Chini yake kilikaa kisahani cha kauri. Mkemia alifungulia oksijeni kidogo kutoka kwenye mtungi, akashika mpini.

"Fimbo zikigusana na kuachana, umeme unaruka hewani badala ya kukatika," alieleza, na kwa kueleza akatulia. "Pale unaporuka pana joto la ajabu. Zinki inachemka kama maji, inakuwa mvuke, mvuke unakutana na oksijeni, na kabla haujapata muda wa kukua unapoa na kuwa chembe. Ndogo mno. Hadubini ya shuleni haiioni hata moja. Udogo huo ndio tulikuwa tunautafuta. Usitazame bila kioo, mama, usiku utalia kama umetiwa mchanga machoni."

Akazungusha mpini. Pipa likanguruma. Nyuma ya kioo cheusi ukawaka mwanga mweupe wenye bluu pembeni, mdogo kama punje ya mchele, na hata kupitia kioo ulikuwa mkali wa kukera. Moshi ukajaa ndani, ukazunguka, ukaanza kutua. Shangazi alihesabu vifungo vya koti lake ili asikimbie. Alifikiria Mwalimu akisimama hapo peke yake jioni nyingi bila barakoa, akijua kabisa homa inamngoja nyumbani, na akamkasirikia marehemu asiyemjua.

Mkemia alizima. Alisubiri kidogo mngurumo utulie, akafungulia hewa, akalegeza skrubu kwa glovu nene na kuinua mfuniko.

"Usiguse chuma," alisema. "Haya, tazama mwenyewe."

Shangazi aliinama. Kwenye kisahani cha kauri, chini kabisa ya fimbo, palikuwa na kilima kidogo cha unga. Ulikuwa wa njano. Njano ya kiini cha yai, wala hakuna wa kubisha.

"Na hii ni nini?" alisema kwa sauti ambayo hakuitambua.

"Nini?"

"Si wa njano huo?"

Mkemia alitazama kisahani, akamtazama inspekta, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yamelowa. "Aa, hiyo! Huo ni moto tu. Oksaidi ya zinki ikiwa moto ni ya njano. Ikipoa inarudi nyeupe. Hiyo hatuihesabu, mama, hapo bado haujawa unga."

Shangazi aliweka mikono kiunoni na kutazama. Kilima kilififia pembeni kwanza, kikawa rangi ya krimu, kisha ya maziwa. Njano ikarudi nyuma mpaka katikati, ikabaki kama doa la kidole, halafu hata hilo likaondoka. Unga ukawa mweupe pe. Hakuna mkono wa mtu uliobadilisha chochote.

"Muda wote huo wa njano umedumu kiasi gani?"

"Ulivyoona. Dakika chache."

"Kwa hiyo anayesema aliuona wa njano..."

"Alikuwa amesimama hapo ulipo wewe, na mashine imezimwa sasa hivi." Mkemia aliketi kwenye ndoo. "Nani kasema, mama?"

Konstebo aliingia mbio. "Shangazi, mnafanya nini huku? Taa ya kibanda cha mlinzi imepepesa mpaka nikadhani inaungua! Mzee anasema ndiyo kawaida yake, kila Mwalimu akiwasha taa inamkonyeza. Anasema ni mke wake wa pili."

"Na jioni ile ilimkonyeza saa ngapi?"

"Nilijua utauliza." Konstebo alitunisha kifua kwa fahari. "Fundi alipotoka ilikuwa bado. Mwalimu alimsindikiza mpaka getini, hapo hapo simu ikaita, akaongea akiwa amesimama karibu na mzee. Mzee alimsikia akisema, 'Njoo basi ujionee mwenyewe, ndiyo kwanza nakwenda kuwasha.' Akarudi ndani. Taa ikaanza baadaye. Fundi hakurudi tena, mzee anaapa."

"Mbona hakutuambia?"

"Anasema tulimuuliza alisikia nini na aliona nani. Hatukumuuliza habari za taa."

Shangazi alivua barakoa. Kiganja cha marehemu kiliungua kwenye chuma hiki, na chuma hiki kilikuwa baridi fundi alipoondoka. Na simu ambayo Tajiri alidai aliambiwa humo habari za unga wa njano ilipigwa kabla unga haujakuwepo wa rangi yoyote. Zaidi ya hayo, Mwalimu angeweza kumwambia Tajiri kila kitu chini ya jua, lakini neno hilo asingelitumia. Kwake unga ule haukuwa wa njano. Ulikuwa mweupe ambao haujapoa.

"Mlango wa nyuma funguo anazo nani?"

"Mwenye jengo," alijibu mkemia. "Tajiri."

*

Ofisi ya Shangazi ilikuwa na jiko dogo la gesi la kuchemshia chai, na watu wengi walikuwa wameharibikiwa maisha mbele ya jiko hilo. Tajiri alipoketi na kuona linawashwa alitabasamu.

"Usijisumbue na chai, mama yangu. Nina haraka."

"Haichukui muda."

Hakuweka sufuria. Alifungua kikaratasi, akamimina unga mweupe kidogo kwenye kijiko cha chuma chenye mpini uliofungwa kitambaa. "Huu ni ule wa mwisho wa Mwalimu," alisema. "Ametoka kuupima mkemia wa serikali, nimemwomba kiasi hiki tu. Unauonaje rangi yake?"

Tajiri aliutazama. "Mweupe," alisema polepole.

"Eeh. Nami ndivyo ninavyouona."

"Basi... basi aliubadilisha. Au ninyi..."

"Hakuna aliyebadilisha."

Aliweka kijiko juu ya moto. Konstebo aliacha kuandika. Gesi ilivuma, na Tajiri akafungua mdomo kusema neno la dharau, likaishia njiani. Unga ulikuwa unageuka. Ukawa wa krimu, ukawa wa manjano hafifu, ukakolea mpaka ukawa ile ile njano aliyoieleza kwa kinywa chake mwenyewe ofisini kwake.

"Ndiyo huu uliouona?" aliuliza Shangazi.

Jasho lilikuwa limemtoka Tajiri juu ya mdomo.

Shangazi alizima jiko. Aliweka kijiko juu ya kigae katikati ya meza, akakunja mikono.

"Sasa?" alisema Tajiri.

"Sasa tunasubiri."

Walisubiri. Njano ikaanza kukimbia kutoka ukingoni. Tajiri alijongeza uso karibu, mikono imeshika meza, akawa anatazama kwa namna ambayo mtu hutazama mgonjwa. Unga ulipokuwa mweupe wote, aliachia meza.

"Aliniambia ngoja upoe," alisema. "Niliingia kwa nyuma nikamkuta anafungua mfuniko. Nikaona njano. Kesho yake nilitakiwa niupeleke kwa watu. Nikamwambia umeniua, umenifanya mwongo mbele za watu. Akacheka. Akasema wewe tajiri huna subira, hebu ngoja upoe kwanza, utaona. Nikajua ananizungusha tena. Miezi yote alikuwa ananiambia ngoja, ngoja. Nikamsukuma. Nilimsukuma tu, wallahi! Akataka kujishika kwenye ile mashine, ikamuunguza, akaachia..." Alishika kisogo chake mwenyewe, labda bila kujua. "Nikazima taa nikaondoka. Sikutazama nyuma. Sikuutazama tena ule unga."

"Alikuwa anapumua?"

Tajiri alikataa kulisikia swali hilo. Macho hayakutoka kwenye kijiko.

"Washa tena," alisema.

"Nini?"

"Washa tena moto, mama yangu. Mara moja tu. Niuone."

Shangazi alimpa konstebo kijiko akitie kwenye mfuko wa ushahidi. Hakuwasha.

*

Fundi alitolewa jua likiwa limeelekea magharibi. Alivaa shati safi pale pale korido, akafunga vifungo vibaya, na mkewe akamfungua akamfunga upya kama mtoto. Hakulia. Shangazi alikuwa amemweleza yote: nani, na kwa nini, na kwamba kaka yake angekuwa hai kama mtu angesubiri kitu kidogo kipoe. Lile la homa hakulisema. Alikuwa amemwahidi fundi.

Mke na mume walikuwa wamefika mlangoni fundi aliposimama.

"Mke wangu, nina jambo."

"Tulizungumze nyumbani."

"Nikifika nyumbani sitalisema." Alitazama viatu vyake. "Kaka yako alikuwa anaumwa. Moshi wa ile kazi. Nilijua. Ndicho tulichogombania jioni ile, nikamtishia nitamchoma kwako. Akanibembeleza, nikaapa kunyamaza."

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu. Askari wa zamu akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

"Jioni ile ile?" aliuliza dada wa marehemu. "Kabla hajawasha?"

"Kabla hajawasha."

"Na mimi nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimekaa tu, nachambua mchele." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ni mwendo wa kuvuka barabara mbili. Ningevaa viatu nikaja nikamtoa. Huyo mtu angefungua mlango wake wa nyuma akakuta chumba kitupu."

Fundi alimnyooshea mkono.

Mkewe aliushika ule mkono wenye alama za cheche, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kama anatafuta ngozi iliyochubuka. Kisha machozi yakamtoka, ya siku zote kwa pamoja.

"Ungemchoma," alisema. "Ungemchoma tu, baba. Ningemkasirikia yeye, nikakukasirikia na wewe, tukala, tukalala."